Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi: Umeme Unaoyapa Uhai Magari ya Roboti Kule Mirihi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Sayansi, tunakukaribisha shuleni kwetu kwa moyo mkunjufu. Tunajua ratiba yako imebana. Tunajua pia kwamba wewe ni mhandisi wa umeme, ndiyo maana tumethubutu kuandika risala hii kwa hesabu za wati. Historia ya klabu na majina ya viongozi yamebandikwa ubaoni pale mlangoni, kwa hiyo tunaomba ruhusa tuyaruke. Muda tuliopewa tunapenda kuutumia kueleza jambo lililotushughulisha muhula mzima: magari ya roboti yanayotumwa kwenye sayari ya Mirihi hupata wapi umeme, na kwa nini mengine huishi miaka na mengine hufa mapema.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwezi Januari 2004 shirika la anga la Marekani, NASA, lilitua magari mawili pacha kwenye Mirihi. Spirit lilitua katika kreta, yaani shimo kubwa, ya Gusev, na Opportunity likatua uwanda wa Meridiani. Kila moja lilipangiwa kazi ya siku 90 za Mirihi, ambako siku moja ni saa 24 na dakika 39 hivi. Spirit lilidumu zaidi ya miaka sita. Opportunity lilifanya kazi kwa zaidi ya miaka 14, likatembea zaidi ya kilomita 45, wakati lilitarajiwa kutembea kilomita moja tu.

Watu wengi husikia habari hii wakadhani wahandisi walikadiria vibaya. Sisi hatukubaliani nao. Zile siku 90 zilitokana na hesabu ya vumbi. Magari yale yalitumia paneli za sola, na mwanga wa jua unaofika Mirihi ni chini ya nusu ya ule tunaoupata hapa duniani. Mwanzoni paneli zilitoa kama wati-saa 900 kwa siku (wati-saa moja ni wati moja ikitumika kwa saa moja). Ilitarajiwa kwamba vumbi jekundu lingetanda juu yake kidogokidogo mpaka umeme usitoshe. Ambacho hakuna aliyekitegemea ni upepo. Mwezi Machi 2005, upepo ulipita juu ya Spirit ukazipangusa paneli zake, na umeme ukapanda ghafla. Mwaka huohuo kamera za gari lenyewe zilipiga picha za visulisuli vikitembea bondeni. Tangu hapo mafundi wa Mirihi wakawa wanausubiri upepo jinsi mkulima anavyosubiri mvua za vuli.

Kila tunapoeleza habari hii, lazima mtu aulize: kwa nini wasingeweka kifutio kama cha kioo cha gari? Kifutio kina uzito, kinahitaji mota, mota inaweza kukwama, na kila gramu inayopelekwa Mirihi ina gharama yake. Kwa kazi ya siku 90, paneli kubwa kidogo ilikuwa jibu rahisi zaidi. Chombo kingine, InSight, kilichotua Novemba 2018 na ambacho hakikuwa na magurudumu, kilisafishwa kwa namna ya ajabu. Mwaka 2021 mkono wake ulichota mchanga na kuumwaga taratibu karibu na paneli. Upepo ukazirusha chembe kubwa, nazo zikaruka juu ya paneli zikiondoka na vumbi laini. Kusafisha vumbi kwa mchanga! Faida ilikuwa kama wati-saa 30 kwa siku, ikakiongezea muda. Hata hivyo Desemba 2022 kikazimika, kwa vumbi lilelile.

Lakini vumbi peke yake haliui. Kinachoua ni usiku. Kule Mirihi baridi ya usiku hufika nyuzi 90 chini ya sifuri na kuzidi, na vifaa vya elektroniki visipotunziwa joto viungo vyake hupasuka. Kwa hiyo umeme wa mchana si wa kutembelea tu, ni wa kununulia joto la usiku. Hata Spirit na Opportunity, ambayo tunayaita magari ya sola, kila moja lilibeba vidonge vinane vya plutoniamu, kila kidonge kikitoa wati moja ya joto bila kukoma.

Hapa ndipo tulipogundua kwamba siri ya umri mrefu wa magari haya ilikuwa ubahili. Opportunity lilipotua tu, ilionekana hita ya bega la mkono wake imegoma kuzima. Ilikuwa ikila umeme usiku kucha. Hakuna fundi wa kupanda huko akabadilishe swichi. Wahandisi wakaamua kukata betri zote usiku, gari lilale fofofo, kisha asubuhi jua likigonga paneli liamke lenyewe. Ilikuwa hatari, kwa sababu baadhi ya vifaa vingeweza kufa kwa baridi, lakini gari lilikwenda hivyo kwa miaka.

Spirit nalo lilikuwa kusini ya ikweta ya Mirihi, na majira ya baridi jua husimama upande wa kaskazini. Kila yalipokaribia, waongozaji walilitafutia mteremko unaotazama kaskazini ili paneli zielekee jua. Mwaka 2009 lilikwama kwenye mchanga laini na halikuweza tena kujiinamisha. Tarehe 22 Machi 2010 lilituma ujumbe wake wa mwisho. Tunapenda kuongeza kwamba gurudumu lake la mbele la kulia lilikuwa limekufa tangu 2006, likawa linaburuzwa, na mfereji liliouchimba mwaka 2007 ndio uliofichua udongo mweupe wenye silika nyingi, madini yanayotengeneza kioo, dalili kwamba zamani palikuwa na maji ya moto au mvuke.

Opportunity lilimalizwa na dhoruba ya vumbi iliyoifunika sayari nzima. Tarehe 10 Juni 2018 paneli zake zilitoa wati-saa 22 tu. NASA ilituma amri zaidi ya elfu moja kulitafuta, na Februari 2019 ikatangaza kwamba kazi imekwisha. Zhurong, gari la China lililotua Mei 2021, nalo lililazwa Mei 2022 kupisha baridi na halikuamka. Wataalamu wa China wenyewe walitaja vumbi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ipo njia ya pili. Gari la Curiosity, lililotua kreta ya Gale mwezi Agosti 2012, halina paneli hata moja. Mgongoni limebeba kilo 4.8 za oksidi ya plutoniamu 238, madini yanayotoa joto yenyewe, yakipungua nusu kila baada ya miaka 88 hivi. Upande mmoja wa mtambo ni moto, upande wa pili ni baridi, na tofauti hiyo ikipita kwenye jozi za malighafi maalumu hutoa umeme. Joto linalobaki huzungushwa kwenye mabomba ili tumbo la gari lisigande. Kisulisuli kisipopita, halijali.

Ila lisifikiriwe ni tajiri. Gari lenye uzito wa karibu kilo 900 lilianza na wati 110 tu, kwa hiyo hulala likichaji betri zake za lithiamu kisha huamka kufanya kazi nzito. Umeme huo nao unapungua mwaka hadi mwaka, na mwaka 2025 wahandisi walilifundisha kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja ili liwahi kulala. Tena plutoniamu hii ni adimu: Marekani iliacha kuizalisha mwaka 1988, na mwaka 2015 ndipo ilipopata gramu 50 za kwanza za uzalishaji mpya. Ndiyo maana si kila gari litaipata.

Wala umeme wa uhakika hauondoi makosa ya binadamu. Chombo cha NASA kisicho na magurudumu, Viking 1, kilitua Mirihi Julai 1976 kikitumia nishati ya aina hiyohiyo, kikadumu zaidi ya miaka sita. Novemba 1982 kilitumiwa amri ya kuboresha uchajishaji wa betri zake zilizochoka. Amri hiyo ikafuta maelekezo ya antena, na chombo kikapotea kikiwa kizima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwenye meza ya klabu utaona kigari chetu. Mota zake tumezitoa kwenye deki mbovu, paneli ni ya tochi ya sola, na fremu ni mbao za kasha la nyanya. Tunakiwekea bajeti ya umeme ya kutwa, ingawa kwa sasa tunaikadiria kwa kutazama taa inavyofifia. Kwa hiyo tunaomba yafuatayo. Kwanza, multimita mbili, yaani vipimo vya umeme, ili tupime badala ya kukisia. Pili, betri ya lithiamu pamoja na kidhibiti chaji chake. Tatu, ngazi ndefu: paneli za paa la maabara hupigwa vumbi la barabara kiangazi chote, na sisi tuko tayari kuzifuta, mradi mwalimu wa zamu awepo na ngazi iwe imara. Mwisho, tunaomba fundi mmoja kutoka ofisini kwako aje siku moja atufundishe kusoma mchoro wa umeme.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya Klabu ya Sayansi