Kabla ya kupakia keria, soma kitabu cha gari

Mhariri,

Msimu wa watu kwenda mikoani ukikaribia, mafundi wa kuchomelea hupata oda nyingi za keria, yaani fremu za chuma za kubebea mizigo kwenye gari. Mwenye gari akiuliza itabeba kilo ngapi, huambiwa chuma ni kizito, hakipindi. Jibu hilo halimsaidii. Kinachoamua ni paa lililo chini ya keria, na kiwango chake kimo kwenye kitabu cha gari, kile cha maelekezo ya mtengenezaji.

Kwa magari mengi madogo, paa limepangiwa kilo 50 hadi 100, na uzito wa keria yenyewe umo humo humo. Chukua gari lenye kiwango cha kilo 75. Keria ya bomba za chuma ikiwa na kilo 25, zimebaki 50: mfuko mmoja wa saruji, basi. Paa kutobonyea gari likiwa limeegeshwa si ushahidi, maana kwenye shimo mzigo hugonga kwa nguvu inayozidi uzito wake wa mizani. Hapo ndipo miguu ya keria hulegea, bati likabonyea, maji yakapata pa kupita. Kibaya zaidi, gari lenye mzigo mzito juu hulala kwenye kona na ni rahisi kupinduka.

Keria ya nyuma, ile inayochomekwa kwenye chuma cha kuvutia tela, ina hesabu yake. Watu husoma kilo 1,500 kwenye kibati cha chuma hicho wakafurahi, kumbe hizo ni za tela lenye magurudumu yake. Uzito unaokandamiza kwenda chini una namba nyingine, ambayo kwa gari dogo huwa kama kilo 75 tu, keria ikiwamo. Tena mzigo huo hufanya kazi kama mtaimbo. Kilo 60 zikikaa mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye gari lenye mita 2.4 kati ya ekseli mbili, huongeza kilo 90 nyuma na kupunguza kilo 30 mbele. Usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, na taa zinawamulika machoni wanaokuja.

Namba za gari, chuma cha tela na keria zikitofautiana, inayofuatwa ni ndogo kuliko zote.

Nawaomba mafundi wapime kila keria na kuandika uzito wake kwa rangi kabla ya kuikabidhi. Mizani ya kuning'iniza ya wanunuzi wa nafaka inatosha. Mteja naye, akishatembea kilomita 50 za kwanza, asimame akaze nati zote upya.

Fundi magari,
Morogoro