Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Upimaji wa Metali Nzito Ziwani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuja kuzindua kazi yetu ya kupima metali nzito katika maji ya ziwa. Tunaomba utusikilize tukieleza tunachopima, na kwa nini hatuyaamini majibu yanayotokana na chupa moja ya maji.

Metali nzito kama risasi, zebaki na kadimi haziozi. Zikiingia ziwani kutoka migodini, viwandani au katika maji taka, sehemu kubwa hujishikiza kwenye chembe za udongo na kuzama. Kwa hiyo maji ya juu yanaweza kuwa chini ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa, yaani maikrogramu 10 za risasi kwa lita, huku matope ya chini yakiwa yamelimbikiza risasi kwa miaka mingi. Katika matope hayo, mahali pasipo na oksijeni, bakteria hugeuza zebaki kuwa methili-zebaki, aina ya zebaki yenye sumu kali, ambayo huzidi kujikusanya kila samaki mmoja anapomla mwingine.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ugumu wetu hauanzii kwenye mashine. Viwango tunavyotafuta ni vidogo kiasi kwamba vumbi la mkononi, au chupa ambayo haikuoshwa kwa asidi ya nitriki, huweza kuleta risasi ambayo ziwani haimo. Mwanakemia Clair Patterson alionyesha kuwa vipimo vingi vya risasi vya wakati wake vilikuwa vimechafuliwa na maabara zenyewe. Nasi hatuna sababu ya kujiona wasafi kuliko wao. Ndiyo maana tunabeba pia chupa ya maji yaliyotakaswa, tukaifungua na kuifunga ziwani kama zile nyingine: ikikutwa na metali, uchafu ni wetu. Maji ya kupimia metali iliyoyeyuka majini huchujwa kwanza kwa chujio la maikromita 0.45, ndipo hutiwa asidi, kwani asidi ikitangulia hung'oa metali iliyoshika chembe na jibu likapotoka.

Tena, miamba yenyewe ina metali kwa asili yake. Bila kujua ziwa lilikuwaje kabla ya viwanda, hatuwezi kumlaumu mtu. Jibu limo katika nguzo ya matope inayochotwa kwa bomba, ambayo matabaka yake ya karne moja hivi iliyopita hukadiriwa umri kwa risasi-210, aina ya risasi yenye mnunurisho, ambayo nusu uhai wake, yaani muda wa kupungua kwa nusu, ni takriban miaka 22.

Tunaomba, kwa heshima, utusaidie kupata bomba hilo pamoja na maabara inayokagua mashine zake kwa sampuli zenye viwango vilivyothibitishwa. Tunaomba pia matokeo yote yabandikwe hadharani, yakiwemo ya ile chupa ya maji yaliyotakaswa, hata yakituaibisha.

Tunaomba kuwasilisha.