Taarifa ya Mwenyekiti wa Bodi kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu zilizokaguliwa mnazo mkononi, na Mweka Hazina atazipitia, kwa hiyo sitazirudia. Nizungumzie jambo lililotuchosha kuliko yote mwaka huu: kuhama kutoka kwenye madaftari kwenda kwenye kompyuta.

Kuna waliouliza haraka ya nini. Tangu ije Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, SACCOS, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo kama chetu, haiendeshwi kwa mazoea. Leseni ni lazima, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika inadai taarifa kwa wakati.

Lakini wazee wetu wana sababu ya kushtuka wakisikia mabadiliko. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na mkulima akajikuta anauza mazao kwa mamlaka ambayo hakuichagua. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama. Imani ilichelewa sana. Mzee akiuliza swali lile lile mara tatu, msimwite mkaidi.

Mama mmoja alikuja ofisini na kitabu chake cha akiba ndani ya rambo. "Sasa hela yangu imeingia kwenye televisheni?" Karani hakucheka. Alichapa taarifa ya akaunti, akaweka rula juu ya karatasi, wakashuka mstari kwa mstari. Walipofika mwezi Mei, hesabu zikapishana shilingi 5,000, na kitabu cha mama ndicho kilichokuwa sahihi. Meneja aliitwa, akamwomba radhi, ikarekebishwa mama akiona. Kisha Meneja akaleta hoja kwa Bodi: madaftari yasifungwe mpaka kila mwanachama alinganishiwe hivyo. Aliyetuuzia programu alinung'unika kuhusu ratiba. Bodi ilikubaliana na Meneja.

Wasemaji wazuri tunao wengi, na semina za uongozi hazijawahi kutupungukia. Wa kusimamisha kazi aliyoianzisha mwenyewe, kwa sababu ya elfu tano ya mtu mmoja, ni wachache. Kwa maoni yangu Meneja ndiye aliyetuvusha.

Baadhi yetu kwenye Bodi tunamaliza muda leo. Wagombea watasimama hapa mbele kabla ya kura. Waulizeni mara ya mwisho walipopokea malalamiko ya mwanachama walifanya nini. Ahadi za gawio zisubiri. Ambao hawajalinganisha vitabu vyao, karani yupo meza ya mlangoni hadi saa kumi jioni.