Asante, kaka wa mita

Ekskaveta yetu ya mtumba iligoma pale machimbo ya Kunduchi: injini inawaka, skrini inasema hakuna mawasiliano. Kila fundi alishauri kompyuta mpya ya mashine, na bei yake mnaijua.

Kaka mmoja aliyefuata kokoto akaomba mita ya kupimia nyaya. Akazima swichi kuu, akapima zile nyaya mbili zilizosokotana, zinazopitisha mawasiliano ya kompyuta za mashine: omu 120 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Akatueleza kuwa kila mwisho wa njia hiyo una rezista, yaani kikinza umeme, ya omu 120; zote mbili zimeunganishwa sambamba, hivyo zikiwa nzima zote mita husoma nusu, 60. Basi upande mmoja umekatika. Akafuata waya hadi nyuma ya kiti, akakuta soketi ina kutu ya kijani. Akasafisha, akabana pini, akapima tena: 60. Pesa alikataa, akanywa soda tu. Anayemfahamu ampe kazi. Na mafundi wetu, pimeni kwanza jamani!