Hata mimi sijui kuogelea

Shoga yangu mpenzi,

Salaam nyingi. Barua yako nimeipata, na nimecheka uliposema wewe na bwawa mko mbalimbali kwa kuwa hujui kuogelea na umri wenyewe si wa kujifunza. Nani kakwambia uogelee? Hata mimi sijui. Tunaingia mpaka maji yafike kifuani, miguu imekanyaga chini, tunatembea. Basi.

Unauliza utafanyaje mazoezi na goti ndilo linalouma. Ndiyo maana nikakwambia maji. Yakikufika kiunoni, miguu hubeba kama nusu ya uzito wako. Yakifika kifuani, hubaki kama theluthi hivi. Goti linajikunja na kujinyoosha bila kubebeshwa mzigo wote. Tena maji huubana mguu pande zote, na uvimbe hupungua.

Ila usidhani ni mchezo. Ukienda polepole maji yanakupisha. Ukiharakisha yanakukatalia, kwa hiyo ugumu wa zoezi unaupanga mwenyewe. Ninalolipenda mimi ni hili: unaegemea ukuta wa bwawa, unashika ukingo, unainua goti hadi usawa wa nyonga, kisha unaunyoosha mguu mbele taratibu mpaka usikie msuli wa juu ya paja umekaza. Unashikilia kidogo, unashusha. Msuli huo ndio mlinzi wa goti. Ukilegea, goti linayumba. Wakikualika kuogelea kwa mtindo wa chura, wakatalie. Teke lile linalisokota goti.

Mwanzoni fanya kidogo, hata ukijiona una nguvu, maana majini hujui umechoka mpaka utoke. Ukipanda ngazi, uzito wote unakurudia na miguu inakuwa kama magunia ya mchanga. Shika reli, simama kidogo, vuta pumzi, ndipo umalizie. Kichwa nacho huweza kuzunguka, hasa kwa sisi watu wa dawa za presha. Vaa viatu vya mpira visivyoteleza. Itakuwa kichekesho mtu aende kutibu goti avunje nyonga. Na maumivu yakizidi kuliko kawaida yako kwa zaidi ya saa mbili baada ya kutoka, jua umezidisha, siku nyingine punguza.

Maji yawe ya uvuguvugu, nyuzi 28 hadi 33 hivi. Ya baridi hukaza viungo. Kunywa maji pia, kwani unatoka jasho humo humo bila kujua, na pitia chooni kwanza. Kukaa majini huleta haja ndogo, wala si uzee wako.

Nisikudanganye lakini. Gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, likishasagika halioti upya kwa sababu ya bwawa. Mwaka 2016 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa matibabu, walikusanya majaribio 13 ya watu wenye magoti na nyonga za namna hii, zaidi ya elfu moja kwa jumla, wakaona maumivu yanapungua kidogo na shughuli zinakuwa nyepesi kidogo. Kidogo, shoga yangu. Mimi kidogo hicho nakitaka, maana ndicho kinachoniwezesha kuinuka kitini bila kuita mtu. Ila ukiacha, usitegemee nafuu ikungoje.

Na usiache kutembea nchi kavu, ingawa ulikuwa unapanga kuacha. Mifupa nayo inataka kubeba uzito ili isidhoofike, na majini inabeba kidogo mno.

Kabla hujanunua vazi la kuogelea, muulize daktari kuhusu moyo na presha yako, umwonyeshe na kile kidonda cha kisigino. Kama hakijafunga, usiingie majini kwanza. Akishakujibu, niandikie amesemaje.

Ni mimi shoga yako