Malengelenge kwenye rangi ya Pijo 504: nibandue ubavu mmoja au bodi nzima?

Kwako fundi wa ukurasa wa magari,

Salamu kutoka Mombasa. Gari ni Peugeot 504 pikapu, ile Pijo nyeupe ya petroli yenye injini ya cc 1796, inayotayarishwa nyumbani kwa ajili ya Concours d'Elegance ya Nairobi, mashindano ya umaridadi wa magari yanayoandaliwa na Alfa Romeo Owners Club, yanayofanyika Septemba kwenye uwanja wa mbio za farasi, Ngong Road. Injini, breki na nyaya hazina neno. Tatizo ni rangi ya bodi ya nyuma, ile ya kubebea mizigo: imeota malengelenge, na majaji wa pale hukagua hadi chini ya gari, sembuse ubavuni.

Nieleze yalivyo. Ni madogo kama punje za mtama. Yamejaa ubavu wa kushoto, kuanzia ukingo wa chini hadi kama sentimita 20 kwenda juu, na machache yako kulia karibu na upinde wa tairi. Kebini, boneti na mlango wa nyuma havina hata moja. Yalijitokeza wiki ya tatu baada ya kupiga rangi. Jua la mchana huyavimbisha, alfajiri huwa yamenywea. Moja nililitoboa kwa sindano, kikatoka kitone cha maji. Nilipolikata kwa wembe, rangi na prima (rangi ya chini ya kushikisha) viliinuka pamoja kama ganda la kitunguu. Chini yake palikuwa na filla (lipu ya kusawazisha bati), bado ina rangi yake ya waridi, imelowa hata ukucha unaikwangua.

Kazi yenyewe ilifanyika hivi. Rangi ya zamani iliondolewa hadi kwenye bati kwa diski ya waya. Palipooza kwa kutu kwenye ubavu wa kushoto pakakatwa, pakawekwa kiraka cha bati la geji 20, sentimita 30 kwa 12, kikachomelewa kwa MIG (mashine ya kuchomelea kwa waya) nukta kwa nukta ili joto lisilipinde bati. Vishimo vya kutu vilivyobaki vilipakwa asidi ya fosforiki, ikaachwa usiku kucha, asubuhi ikafutwa kwa kitambaa chenye maji. Ikafuata filla yenye hadena (dawa ya kuigandisha) asilimia 2 kwa uzito, unene usiozidi milimita 3, isipokuwa kwenye mshono wa kiraka ambapo ulifika 5. Msasa mkavu P80, kisha P180, halafu msasa wa maji P320 juu ya filla tupu. Hapo ndipo shaka yangu kubwa ilipo. Baadaye prima ya 2K (inayochanganywa na hadena) mikono miwili, msasa wa maji P600, na nyeupe ya 2K mikono mitatu, dakika 15 kati ya mkono na mkono.

Fundi wa bodi tunayesaidiana anashikilia kwamba kosa ni la kompresa ya kupigia rangi, na hoja yake si ya kupuuzwa. Hewa ya Pwani imejaa unyevu. Kompresa ikiibana hupata moto, na ikipoa njiani huacha maji. Kichujio kilikuwa kimefungwa mdomoni mwa tangi, mahali ambapo hewa ingali moto na maji bado ni mvuke, kwa hiyo yalikipita na kugeuka matone mbele, ndani ya mpira wa kupitisha hewa. Hilo limesharekebishwa: sasa kuna bomba la chuma la mita 8, kichujio kiko mwisho wake, na kizibo cha chini ya tangi hufunguliwa kila nusu saa. Lakini kama maji yalitoka kwenye mpira, mbona boneti na kebini, zilizopigwa siku ile ile kwa kompresa ile ile, ziko safi? Tena maji ya aina hiyo yangejificha ndani ya rangi au prima, yasingekuwa kwenye filla.

Mimi naona filla imekunywa maji kutoka pande mbili. Mbele ni ule msasa wa maji, kwa sababu filla ya poliesta hufyonza, na prima ikipigwa juu yake hufungia unyevu ndani. Ya upande wa nyuma niliyajua hivi: usiku nilizima taa, nikaweka balbu upande wa ndani wa bamba, nikaibandua filla yote juu ya mshono. Vikaonekana vitundu vinne vya mwanga, kila kimoja kama ncha ya pini. Upande huo wa ndani ulipakwa rangi nyeusi kwa brashi tu, na bodi ikioshwa au mvua ikinyesha, maji hutuama pale sakafu inapokutana na ubavu. Chumvi ya hewa ya bahari ikishaingia hapo, huzidi kuvuta unyevu.

Nilijaribu pia kukausha. Kipande cha filla iliyoachwa wazi, sentimita 15 kwa 15, kilikaa juani siku mbili. Kisha nikakifunika kwa nailoni angavu, nikaziba kingo zote kwa utepe. Saa moja baadaye nailoni ilikuwa na matone kwa ndani.

Kwa hiyo ubavu wa kushoto unarudi hadi kwenye bati: vitundu vichomelewe upya, prima ya epoksi ipigwe mbele na nyuma, filla ije juu ya epoksi, msasa uwe mkavu hadi prima ya mwisho. Tafadhali usinishauri kubadilisha bodi nzima. Nyingi zinazouzwa zimebeba mchanga na makaa miaka mingi na zimeoza kuliko hii, ambayo mbavu za sakafu yake bado zimenyooka.

Ninachoomba ushauri ni haya. Ubavu wa kulia hauna kiraka na filla yake ni nyembamba: je, inatosha kukata sentimita 10 kuzunguka kila kundi la malengelenge, au nao ubanduliwe wote? Pili, ile asidi. Nasikia mabaki yake hufanya epoksi isishike. Je, nilowanishe bati tena kwa asidi hiyo hiyo, nisuuze kwa maji mengi papo hapo na kulikausha kwa hewa moto, au nipeleke likapigwe mchanga, ijapokuwa bati jembamba namna hii huweza kupinda? Na la mwisho ni muda. Tuko Julai. Mara ya kwanza malengelenge yalijificha wiki tatu. Rangi mpya ikae juani siku ngapi kabla sijaipiga polishi na kuamini kwamba imeshika, au niiache Nairobi ya mwaka huu ipite?

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa