Neema, usinunue zote mbili

Tabata, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Neema mwenzangu,

Hatujambo huku, ila joto limetukalia na maji ya bomba yamekuwa ya kuviziwa usiku. Mpe mama shikamoo yangu, mwambie ndizi zake za mshare zilifika salama na mtori tumeunywa mpaka majirani wakajua.

Sasa la nywele. Umeniuliza kama ile shampuu na kondishena ya Kifaransa niliyonunua saluni ina maana yoyote, kwa kuwa pesa ya mchezo, ule upatu wenu, inakuangukia mwezi ujao na unataka kuimalizia kichwani. Jibu fupi: nunua kondishena, shampuu waachie wenyewe. Jibu refu ni hili, na ujitengeneze kwenye kiti maana unanijua.

Zote mbili zilinitoka karibu laki mbili, shampuu ya mililita 250 na kondishena ya mililita 200. Kwa kichwa kama changu, nywele nyingi tena kipilipili, mililita 200 si kitu, kwa hiyo nimeitumia kwa nidhamu ambayo sina hata kwenye mafuta ya kula.

Shampuu sitakudanganya, ni tamu. Povu zito, laini, na harufu inabaki bafuni hadi baba watoto akapita akauliza tuna mgeni gani. Lakini nikishasuuza na kugusa kichwa, usafi ninaoukuta ni ule ule wa shampuu yangu ya elfu nane. Ukifikiri kidogo hushangai. Kazi yake ni kuondoa jasho, vumbi na mafuta uliyojipaka wiki nzima; inakaa kichwani dakika mbili, kisha inakwenda shimoni na maji, pamoja na kila kitu cha thamani walichoichanganyia.

Nilizigeuza chupa, ya bei kubwa na ya bei ndogo, nikasoma nyuma. Zote zinaanza na maji, halafu sodium laureth sulfate, halafu cocamidopropyl betaine. Hivyo ndivyo vinavyotoa povu na kubeba uchafu. Kuna kautaratibu ukikajua hakuna muuzaji atakayekubabaisha: viungo huandikwa kwa kufuata wingi, kilicho kingi kwanza, mpaka ukifika kwenye vile visivyofikia asilimia 1, ambavyo mtengenezaji anaruhusiwa kuvipanga apendavyo. Manukato mara nyingi huwa huko chini. Basi ukikuta mafuta ya argan ya Moroko yameandikwa kwa dhahabu mbele ya chupa, na nyuma yamekuja baada ya neno parfum, yaani manukato, jua ni tone la kuombea dua.

Sisemi uoshee chochote. Sabuni ya kipande, hata ile ya kuogea yenye harufu nzuri, ina pH, kile kipimo cha tindikali, ya 9 au 10, na nywele hupenda upande wa tindikali kidogo, kwenye 5 hivi. Ukioshea sabuni magamba ya unywele yanafunguka, nywele zinashikana, chanuo linatoka na kifungu cha nywele. Shampuu ya kawaida iliyotengenezwa vizuri haikufanyii hivyo.

Kondishena ndiyo habari, kwa sababu yenyewe inabaki. Unywele ulioumizwa na dawa ya kunyoosha, rangi au draya huwa na chaji hasi nyingi, hasa kwenye ncha ambako ndiko ulikokula miaka. Ndani ya kondishena kuna vitu vyenye chaji chanya, behentrimonium chloride kwa mfano, vinavyokwenda kunata palepale palipochakaa na havitoki vyote unaposuuza. Kuna pia cetearyl alcohol, ambayo usiiogope kwa jina lake. Si spiriti ya kukausha, ni mafuta mazito yanayolainisha. Na silikoni, zile za kuutelezesha unywele, ambazo watu wa nywele za asili wanazitukana kila siku lakini mimi nimeacha kugombana nazo.

Za bei ndogo nazo zina vitu hivi, hilo nakubali. Ila mkononi nimeona tofauti: ile ya elfu kumi inateleza juu ya nywele zangu na maji yanaichukua, hii inashika. Naipaka kuanzia katikati kwenda kwenye ncha, ngozi ya kichwa naiacha, kisha nachana ikiwa bado kichwani, ncha kwanza halafu napanda. Chanuo lilipita hadi kisogoni, Neema, pale mama alipokuwa akinibana kwa magoti akinisuka twende kilioni na mimi nalia kweli. Sikugeuka mtu wa kwenye tangazo. Nilichopata ni nywele chache kwenye chanuo, na msusi kumaliza kazi bila kununa. Kwangu hicho nakilipia.

Ila yale maneno ya "inafufua nywele zilizokufa" yapuuze. Unywele ukishatoka nje ya ngozi hauna uhai wa kurudishiwa. Ncha iliyopasuka haiungi, inatulizwa tu mpaka siku ya mkasi. Kinachoota kinaota kama sentimita 1 kwa mwezi, na hakuna chupa inayokikimbiza. Hiyo dawa ya kunyoosha unayoweka, iwe ya sodium hydroxide au ile wanayoiita ya upole yenye calcium hydroxide, inavunja vifungo vya ndani ya unywele, na ikishavunja imevunja. Mwambie msusi wako apake kwenye zilizoota upya tu, asirudie za zamani kila mara kama anapaka rangi ukuta.

Halafu tukumbuke tunalipia nini. L'Oréal, kampuni ya Kifaransa yenye Kérastase ya masaluni tangu 1964, ndio hao hao walioinunua Nice & Lovely ya Kenya mwaka 2013, ile tuliyojipaka bwenini. Sisemi vilivyomo ni sawa. Nasema nyumba moja inajua kumuuzia mwenye elfu tatu na kumuuzia mwenye laki, na ndani ya hiyo laki kuna chupa nzuri, harufu, na kiti cha saluni.

Tena kiti chenyewe kichunguze. Saluni moja huku, jina nalihifadhi, niliona kwa macho yangu dada akimimina shampuu kutoka kwenye dumu la lita 5 kuijaza chupa ya kigeni. Ukinunua, chukua iliyofungwa, tarehe isomeke, na risiti upewe. Vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019 vilipotolewa TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, kwa hiyo muuzaji halali hapaswi kununa ukimuuliza kama bidhaa imesajiliwa.

Linalonifanya nisiape ni maji. Mimi naoshea ya kisima, ya chumvi, yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Kalsiamu na magnesiamu hiyo hiyo inakaa kwenye nywele na kuzifanya ngumu. Nyinyi mna maji ya chemchemi za Kilimanjaro, huenda kwako hata kondishena ya kawaida ikafanya kazi ambayo kwangu inataka ya gharama. Ndiyo maana kabla hujatoa senti nakutumia kikopo cha hii yangu, binamu anapanda basi Alhamisi. Osha nywele kwa shampuu yako ile ile, gawa kichwa katikati, upande mmoja paka yangu, mwingine paka yako. Suuza, acha zikauke bila draya, na usifikiche kwa taulo, tumia fulana kuukuu ya pamba.

Sasa hili lisome mara mbili. Picha uliyonitumia niliikuza. Nywele za mbele na zile za juu ya masikio zinarudi nyuma, na hilo si la chupa yoyote, ya laki wala ya elfu. Ni rasta. Unasuka za kubana mpaka macho yanavutika, unakaa nazo miezi, ukifumua unarudia siku ya pili. Rasta za kubana zikiachwa mapema, nywele huwa zinaota tena. Zikivutwa kwa miaka, kitundu cha unywele kinajifunga kwa kovu, na hapo hata daktari ana machache ya kufanya. Wewe una bahati, uko Moshi. Pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha kufundishia madaktari wa ngozi ambacho kimewasomesha watu wa nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1990. Nenda wakuangalie kabla hujasuka za harusi ya wifi yako, na nauli ya kwenda huko itoe kwenye hiyo pesa ya mchezo kabla kondishena haijaiona. Harusini suka mabutu makubwa, legevu, au funga kilemba. Una uso wa kilemba tangu zamani.

Kikopo usimwonyeshe mama, namjua, atakimalizia mikononi. Ukishajaribu nipigie picha pande zote mbili, na usiniambie upi ni upi mpaka nibashiri mwenyewe.

Wako,
Asha